Neno "revert" limemgharimu mjomba fremu mbili. Wajuzi wa Kiingereza njooni

Mchapaji wa Ngamiani:

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye kahawa na kashata zake asogee.

Nina kijiduka cha kuchapa na kutoa kopi hapa Ngamiani, Tanga. Riziki yangu ni barua za watu: maombi ya kazi, mikataba ya kupangisha, notisi za kumtoa mpangaji sugu, hotuba za wageni rasmi. Na kama kuna neno moja la Kiingereza ambalo vidole vyangu vinaliandika hata nikiwa nasinzia, ni "revert". "Kindly revert." "Please revert before Friday." Mwezi uliopita kijana kaleta barua ya posa. Kiswahili kimenyooka, salamu zimekaa mahali pake, wazee wametajwa kwa heshima zao, halafu mstari wa mwisho: "Tunaomba m-revert mapema." Nikamwambia, mdogo wangu, hapo weka "tunasubiri jibu lenu". Kagoma. Eti bila hilo wazee wa upande wa pili watadhani mposaji hana shule.

Nilikuwa nacheka na kuchapa. Hadi yalipofika nyumbani.

Mjomba wangu kafanya kazi miaka ishirini na tatu kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini (siitaji, na yeye mwenyewe hataki itajwe). Hakuwa bosi, alikuwa mtu wa mafaili, lakini barua za Kiingereza zilipita mikononi mwake kutwa. Meli imechelewa, mwenye mzigo anauliza, mkubwa anaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Revert." Mjomba anajua maana yake: mjibu huyu mtu. Miaka ishirini na tatu, neno moja, maana moja, halikuwahi kumgeuka.

Alipostaafu, kiinua mgongo akakitia kwenye kiwanja cha watu kando ya barabara ya Pangani. Kukodi, si kununua. Miaka mitano. Mkataba kurasa nne, Kiingereza kitupu, japo mwenye kiwanja ni Mswahili mwenzetu na mazungumzo yote yalifanyika barazani kwa lugha ya mama zao. Mjomba aliusoma mwenyewe, tena kwa miwani, akaona hana haja ya kumpelekea wakili laki zake. Kifungu cha kumi na moja kilisema hivi: "Upon expiry of the term, the premises together with all improvements thereon shall revert to the Lessor."

Mjomba akaelewa: muda ukiisha, kuhusu kiwanja na maendelezo yote, mwenye kiwanja atajibiwa. Yaani watakaa, wataambizana kilichojengwa kina thamani gani, watafika mahali. Akajenga. Fremu mbili za tofali, milango ya chuma ya kukunja, choo cha nje, na kibaraza kilichosakafiwa vizuri mpaka wapita njia wakawa wanapumzikia. Fremu moja akauzia vifaa vya bomba, ya pili akampangisha fundi cherehani.

Mwezi wa sita muda ukaisha. Mwenye kiwanja kaja na kijana wa kubadilisha makufuli. Mjomba akamwambia, karibu ndani tupige hesabu ya jengo. Yule bwana hakuelewa hesabu ya nini. Akafungua mkataba, akaweka kidole kwenye kifungu cha kumi na moja. Mjomba naye akaweka kidole palepale. Wakabaki hivyo, watu wazima wawili, vidole viwili juu ya neno moja, kila mmoja ana hakika mwenzake hajui kusoma.

Nililetewa mkataba niutolee kopi, ndipo nikajua yote haya. Naomba kueleweshwa: hili neno asili yake nini, maana ya "jibu" tuliitoa wapi, na mjomba ana pa kushika? Nawasilisha.

Kigoda cha Mbele:

Nimekaa paleee. Pole kwa mjomba. Ila kujenga tofali kwenye kiwanja cha kukodi miaka mitano, hapo hata ungekuwa Kiswahili mimi ningeogopa. Tupe mrejesho.

Mwalimu wa Muheza:

Mchapaji, mpe pole mjomba, halafu mwambie hayuko peke yake. Nimefundisha Kiingereza sekondari muda mrefu, na "please revert" nimeletewa na wakuu wangu wa kazi, si na wanafunzi.

Neno limetoka Kilatini. "Vertere" ni kugeuza, "re" ni nyuma. Ukiyaunga unapata kugeuka nyuma, kurudi ulikotoka. Waingereza walilipata kupitia Kifaransa cha zamani. Ukoo wake ni mkubwa na mnaujua: "convert" ni kugeuza kitu kikawa kingine, "divert" ni kugeuza njia, "reverse" ni ile gia ya nyuma. Hata hiyo "vs" mnayoandika Coastal vs African Sports ni mtoto wa mzee huyohuyo: "versus", aliyegeukiana na mwenzake. Na mstari wa shairi kwa Kiingereza, "verse", umetoka palepale, kwa sababu Mrumi alitazama plau inavyofika mwisho wa shamba na kugeuka kuanza mstari mpya. Hili la mwisho halimsaidii mjomba, ila lanifurahisha.

Kiini chake basi ni kitu au mtu kuirudia hali yake ya mwanzo, au mali kumrudia mwenyewe. Mama yangu ni Mdigo. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, lakini muudhi uone: "When she is angry, she reverts to Kidigo." Anarudi kwenye Kidigo, alikoanzia. Mwingine anarudi kwenye sigara aliyoiacha, mwingine kwenye tabia zake za ujana.

Mfano mwingine uko barabarani kwetu. Mkonge aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mkoa huu ukajaa mashamba hadi macho yakachoka. Zikaja kamba za plastiki, bei ya katani ikaanguka, mashamba mengine yakatelekezwa. Ukipita leo unaona mkonge mmoja mmoja umechomoza vichakani, mlingoti juu, chini ngedere wanakimbizana. Mwingereza atasema "the estate has reverted to bush". Sisi twasema shamba limerudi pori. Ni wazo lilelile, na hatukuazima kwake.

Wapo wanaoandika "revert back". Hao wanarudi nyuma kinyumenyume. Nyuma imeshabebwa na "re", hiyo "back" ya nini? Na ile "please revert to me" ndiyo inayonimaliza kabisa. Kwa maana ya asili unamwambia mtu: tafadhali rudi kuwa mimi.

Mtoto wa Raskazone:

Mwalimu shikamoo, ila hapa nakupinga. Mimi naagiza vipuri vya pikipiki India, kila siku nasoma barua pepe za Mumbai, na "revert" kule ni kujibu, mchana kweupe. Singapore vilevile, Malaysia vilevile. Kamusi za Kiingereza zenyewe siku hizi zinaiweka maana hiyo na kuandika pembeni kwamba ni Kiingereza cha India. Nchi ina watu zaidi ya bilioni moja, wewe wa Muheza unasema wamekosea? Lugha ni ya wanaoisema. "Meza" tuliitoa kwa Mreno, "shule" kwa Mjerumani, hakuna aliyekuja kutudai.

Mwalimu wa Muheza:

Marahaba. Sijasema wamekosea. Nimesema ni maana changa na ina mipaka yake. Ukimwandikia mteja wa Mumbai "kindly revert", umeeleweka na mzigo utafika. Ukimwandikia wa London atakuelewa kwa kubahatisha, au atabaki anajiuliza arudi wapi. Salama yako ni "reply", neno fupi, halina kiburi, kila mtu analijua. Lakini najua mtakataa, maana halina suti wala tai.

Ila kuna alama moja ya kuzitofautisha maana hizi mbili. Katika hili la kujibu, mtendaji ni mtu: "you revert", "we revert". Katika mkataba wa mjomba mtendaji ni nani? "The premises shall revert." Kiwanja hakina mdomo, mgosi. Ukiona kitu kisicho na mdomo kina-revert, jua hakijibu chochote, kinarudi kwa mwenyewe.

Mchapaji wa Ngamiani:

"Kiwanja hakina mdomo." Hii naichapa naibandika dukani.

Kumb. Na.:

Ngoja niwape kisa cha ofisi moja, msiniulize ipi. Lilikuja agizo barua zote ziwe za Kiswahili. Katibu muhtasi wetu, binti mwenye bidii, akachukua barua za zamani na kuzitafsiri mstari kwa mstari. Alipofika "Kindly revert before Friday" akaandika "Tafadhali rejea kabla ya Ijumaa". Moja ikaenda kwa mzee mmoja wa Lushoto kuhusu malipo yake.

Alhamisi asubuhi mzee yuko mlangoni, kanzu imepigwa pasi, mkononi kikapu cha matunda ya milimani. Katoka kwake alfajiri, kashuka zile kona zote za Mombo, kaunganisha basi la Tanga. Sisi tulichotaka ni karatasi yenye mstari mmoja wa kuthibitisha namba ya akaunti. "Mmeniambia nirejee," anasema, "nami nimerejea."

Na kosa halikuwa la binti peke yake. Barua za serikali zinafunguliwa na "Tafadhali rejea barua yako ya tarehe fulani". Hiyo rejea ya juu maana yake ni itazame. Ya chini alikusudia jibu. Mzee kasoma zote mbili kuwa njoo. Karatasi moja, neno moja, safari ya saa nne. Matunda tuliyala kwa aibu.

Kigoda cha Mbele:

Hahaha, "nami nimerejea". Mzee kawamaliza.

Karani Mstaafu:

Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi. Si wakili, lakini mafaili ya viwanja nimeyafungua na kuyafunga hadi vumbi lake nalijua kwa harufu.

Kwa Kiingereza cha sheria "revert" ni neno la kazi. Mwenye kiwanja akikukodisha miaka mitano hajakitoa. Amekiweka mkononi mwako kwa muda, na muda ukiisha kinamrudia bila yeye kuomba. Haki hiyo ya kurudiwa wanaiita "reversion", na anaweza kuiuza au kuirithisha wewe ukiwa bado umo ndani. Ndiyo maana mtu analala mpangaji wa fulani, anaamka mpangaji wa mwanawe.

Msilichanganye na "revoke". Hilo ni kufuta. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais ndiye mdhamini kwa niaba yetu, na mtu hupewa hati ya muda usiozidi miaka 99. Aliyepewa shamba akaliacha liwe makazi ya ngedere wa mwalimu, hati yake inaweza kufutwa. Kufuta ni tendo, lina mtu aliyelifanya na tarehe yake. Kurudi ni kinachofuata baada ya hapo.

Sasa kifungu cha mjomba. Aliyekiandika ni mvivu, aninukuu popote. Kiwanja kumrudia mwenyewe, sawa, kilitoka kwake. Lakini fremu? Lini zilikuwa zake hata zimrudie? Kitu hakimrudii mtu ambaye hakikutoka kwake. Mwandishi makini angeandika kwamba maendelezo yote yatakuwa mali ya mwenye kiwanja pasipo fidia, basi. Mjomba angeisoma hiyo "pasipo fidia" kwa miwani yake na asingenunua hata tofali moja.

Lakini Mchapaji, usimtie mzee matumaini kwa hoja ya sarufi. Hakimu atatazama wenye mkataba walikusudia nini, na Kiingereza cha sheria kina kanuni ya kale kwamba kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi. Tofali na saruji vimeshikamana.

Kinachoniuma ni kwamba akili hiyo si ya pwani. Kwetu minazi ina mwenyewe na shamba lina mwenyewe. Babu yangu alikufa ana minazi kumi na minne kwenye shamba la mtu mwingine kabisa, tukairithi, tukagawana, na hakuna aliyeshangaa. Mombasa hadi leo wana mitaa ya nyumba bila ardhi: ukuta wangu, chini pako. Mjomba aliingia kwenye mkataba na akili ya minazi. Mkataba uliandikwa kwa akili ya London.

Na swali la kwa nini uliandikwa Kiingereza, watu wawili wa Tanga, baraza moja, sitaki kulisema sana. Tangu mwaka 2021 hata lugha ya sheria na ya mahakama imetamkwa kuwa Kiswahili. Mkataba wenu wenyewe nani aliwakataza?

Mtoto wa Raskazone:

Karani, heshima yako. Hapo kwenye "makazi ya ngedere wa mwalimu" nimecheka mpaka abiria mwenzangu kanitazama. Ila bado sijashindwa. Mjomba hakukosea Kiingereza. Alijua Kiingereza cha ofisini kwake, akakutana na Kiingereza cha ofisi nyingine.

Karani Mstaafu:

Hapo sina ugomvi nawe.

Fundi wa Kodi za Kompyuta:

Nami niingize mguu. Huku kwenye kuandika programu neno hili tunalitumia kutwa na lina tabia ya tatu. Kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya programu, "revert" haifuti kosa. Inaandika badiliko jipya linalotangua lile bovu, na lile bovu linabaki kwenye historia kila mtu alione. Anayetaka lipotee kabisa anatumia "reset", na akiifanya kwenye kazi ya watu wengi atatafutwa. Tena kwetu ni mtu anayekifanyia kitu: una-revert badiliko. Wikipedia ya Kiingereza ndivyo hivyo hivyo, ukitangua hariri za wenzako zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24 umevunja kanuni yao. Kwa hiyo mwalimu, sisi tumekipa kitu mdomo na mikono juu yake.

Bi Mkubwa wa Chumbageni:

Wanangu, mmezunguka Roma na Bombei kutafuta kilichomo ndani ya nyumba zenu. Hamjasikia talaka rejea?

Mume akimpa mke talaka ya kwanza au ya pili, na mke yungali ndani ya eda, anaweza kumrejea. Hakuna mahari mapya, hakuna kufunga ndoa upya, hakuna pilau. Kwa nini? Kwa sababu ile ndoa haijakatika bado, anarudi palepale alipokuwa. Eda ikiisha hajamrejea, basi kawa mtu kando: akimtaka apose kama wenzake, akubaliwe, atoe mahari. Na ikifika ya tatu, mlango wa rejea umefungwa. Hiyo ya mwanzo ndiyo hiyo "revert" yenu. Kurudi kwenye kilichokuwako, si kuanza kipya. Mjukuu wangu anayesoma sheria nilimuuliza, akasema bibi umepata.

Na wale waliosilimu huko Ulaya na Marekani, wengi hawapendi kuitwa "converts". Wanajiita "reverts". Hoja yao ni ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya maumbile ya asili, fitra. Kwa hiyo mtu hakugeuka akawa mwingine, karudi alikoanzia. Sisi huku twasema kasilimu, na yametosha.

Sasa yule kijana wa posa mwambieni arudi dukani aifute. Anaomba kurejewa kabla hajaoa!

Mchapaji wa Ngamiani:

Bi Mkubwa, shikamoo. Kijana keshapeleka barua, na taarifa nilizonazo amekubaliwa. Kwa hiyo labda suti na tai vilisaidia.

Nimewasoma wote, mara mbili wengine. Kuna jambo limenikaa kichwani. Kwa nini maana ile ya India sisi tuliimeza bila kutafuna? Mtu wa London anashtuka, sisi hatukushtuka. Nikapanda juu ya uzi huu nikaona jibu liko kwenye mchango wa kwanza kabisa: "Tupe mrejesho." Mrejesho! Kwa Kiswahili taarifa unayomjibu mwenzako ni kitu ulichorejesha. Salamu tunaijibu, lakini pia tunairudisha. Na hili neno "rudi" lenyewe tumelitoa kwa Waarabu, "radd", ambalo kwao ni kurudisha na ni kujibu, yote mawili. Sasa mjomba alipoona "revert" ya kalamu nyekundu, akaambiwa ni kurudi, kisha akaambiwa ni kujibu, ashangae nini? Kichwani mwake vitu hivyo vilikuwa ndugu tangu utotoni.

Na "rudi" letu nalo si la kuchezea. Mtoto akikosa mzazi humrudi, wala hatumtumi popote. Yule fundi cherehani wa fremu ya pili kila mteja akileta pamba anamwambia, mama, hiki nakiloweka kwanza usiku kucha, kisije kikarudi mwilini mwako. Mzungu anayejifunza Kiswahili akisikia hivyo atatafuta kitambaa kimerudi wapi. Basi na sisi tusionewe.

Mwalimu wa Muheza:

Hapo kwenye mrejesho umenifunga. Miaka yote nafundisha kwamba ni kosa la uvivu, kumbe wanafunzi walikuwa wanafikiri kwa lugha yao, vizuri tu. Nitabadilisha ninavyolisema darasani. Jibu la mtihani silibadilishi.

Kigoda cha Mbele:

Mchapaji, wiki ya pili hii. Mjomba kafikia wapi? Mrejesho!

Mchapaji wa Ngamiani:

Samahani wakuu, umeme na msimu wa maombi ya kazi.

Tulifuata ushauri wa Karani, tukaacha sarufi nyumbani. Mjomba alikwenda kwa mwenye kiwanja na mwenyekiti wa mtaa na mzee mmoja wa msikitini, wakakaa kibarazani palepale, kile alichokisakafia mwenyewe. Hakudai fremu. Alisema: nilijenga kwa kutojua, wewe umepata jengo bila kutoa jasho, niachie nikae mwaka mmoja bila kodi niokoe angalau bei ya bati. Yule bwana si mtu mbaya. Alinyamaza muda, akasema naye ana wanawe wa kuzungumza nao, tumwandikie.

Barua niliichapa mimi, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, mwisho wake "tunasubiri jibu lako". Mjomba aliisoma mara tatu kabla ya kutia saini, kila neno anaweka kidole.

Jumanne jibu limekuja kwenye simu ya mjomba, limeandikwa na mtoto mkubwa wa yule bwana aliyeko Dar. Mstari mmoja tu: "Well received. We shall revert."

Mjomba kaja nayo dukani mbio mbio, miwani usoni, watu wamejaa wanasubiri kopi. Kaniwekea simu mezani. "Hebu niambie," anasema, "huyu wa safari hii ana mdomo au hana?"

Nikamwambia anao, mjomba. Vuta kigoda tumsubiri.